Fedha na Ifuate Kazi: Maneno kwa Wajengao Nyumba



Masika yakiisha kupita na mavuno yakiisha kuingia ghalani, ndipo wengi wetu hufikiri habari ya kujenga. Mwenye nyumba ya miti na udongo ataka kuta za tofali, mwenye paa la makuti ataka bati, na mwalimu aliyekaa miaka yote katika nyumba ya shule aanza kutafuta mahali pake mwenyewe, ambapo hapana mtu atakayemwambia, "Ondoka, mwingine anakuja." Nia hiyo ni njema, nasi twaifurahia. Nyumba imara ni msaada mkubwa kwa watu wa ndoa, kwa watoto, na kwa wazee watakaotunzwa ndani yake.

Lakini mara nyingi tumeletewa mashauri ya watu waliotoa akiba yao yote wasipate nyumba, na karibu katika kila shauri mambo ni yale yale. Kwa hiyo mwezi huu twapenda kusema nanyi wazi, jinsi mtu anayejenga awezavyo kujilinda asidhulumiwe na fundi au mkandarasi asiye mwaminifu, wala asimwingize katika majaribu yule aliye mwaminifu.

Habari ya mwalimu mmoja

Tutawasimulia habari ya mwalimu mmoja tumjuaye. Jina lake hatulitaji, wala jina la mji wake, maana habari hii si yake peke yake. Alifundisha miaka 34. Alipostaafu akapokea mafao yake, akamwambia mkewe, "Mama, sasa tujenge." Walikuwa na kiwanja tayari, nao walitaka vyumba vinne, sebule, na jiko la nje. Wakamwita fundi mmoja, mwimbaji wa kwaya katika kanisa lao, mtu wa maneno mazuri, aliyekwisha kujenga nyumba kadha wa kadha katika mtaa ule.

Mke wa mwalimu akasema, "Fundi, tuandikiane." Fundi akacheka, akajibu, "Mama, sisi twashiriki meza moja ya Bwana. Karatasi ni ya watu wasiojuana." Mwalimu akaona haya, akamwashiria mkewe anyamaze. Basi halikuandikwa hata neno moja.

Siku ile ile fundi akapewa nusu ya fedha yote. Kwanza kazi ilikwenda vizuri; msingi ukachimbwa, mawe yakaletwa, tofali zikafyatuliwa. Baada ya majuma matatu fundi akaja jioni, akasema kwamba bei ya bati itapanda mwezi ujao, afadhali zinunuliwe sasa. Akapewa robo nyingine. Bati hazikuonekana kiwanjani. Alipoulizwa alisema zimewekwa dukani zisije zikaibwa. Kuta zilipofika usawa wa madirisha akaomba robo iliyobaki, kwa kuwa vibarua wanadai, na mmoja wao ana mtoto mgonjwa. Mwalimu ni mtu mwenye huruma, akatoa. Jumatatu iliyofuata hakuja mtu kazini. Jumanne vile vile. Hata majani yakaanza kuota ndani ya vyumba.

Fundi hakukimbia. Alionekana mtaa wa pili, akiezeka nyumba ya mjane mmoja. Mjane yule naye alikuwa amelipa fedha yake yote mwaka uliotangulia, akangoja muda mrefu bila kuona paa. Bati zilizonunuliwa kwa fedha ya mwalimu zilikuwa sasa juu ya kuta za mjane. Na fedha ya mjane ilikuwa imekwisha kutumika kumaliza nyumba ya mtu mwingine wa mbele yake. Mwalimu alisimama njiani akizitazama zile bati, asijue aseme nini. Je, amwambie mjane ashushe paa lake?

Shauri likapelekwa kwa wazee wa kanisa. Fundi akasema kwamba fedha haikutosha kwa sababu mwalimu aliagiza sebule iongezwe ukubwa. Mwalimu akakana. Wazee wakauliza, "Iko wapi karatasi ya mapatano?" Hapakuwa na karatasi. Wakatazamana, maana hawakuweza kumhukumu mmoja kwa maneno matupu ya mwenziwe.

Ndipo mke wa mwalimu akafungua kitambaa alichokuwa nacho, akatoa daftari la shule. Ndani yake alikuwa ameandika kila mfuko wa saruji ulioingia kiwanjani, siku yake na idadi yake. Na mifuko mitupu alikuwa ameihesabu na kuifunga mafungu mafungu nyumbani. Fundi alikuwa amesema kwamba saruji iliyotumika ni mifuko 120. Daftari lilisema 74. Fundi akanyamaza kimya. Mwisho akakubali mbele ya wazee kurudisha kwa kazi ya mikono yake, na baada ya miezi saba akaezeka vyumba viwili. Vyumba viwili vingine na sebule ni kuta tu hata leo. Mwalimu na fundi husalimiana, lakini hawaketi tena upande mmoja kanisani.

Angalieni, ndugu zetu, ni kitu gani kilichosimama katika shauri lile. Wema wa mwalimu haukusimama, wala urafiki wa kwaya. Kilichosimama ni daftari la mama. Wazee wetu wa zamani walisema kweli: Mali bila daftari hupotea bila habari.

Jinsi fedha inavyopotea

Watu wengi hudhani kwamba fundi mdanganyifu ni mtu aliyekuja na nia ya kuiba tangu siku ya kwanza. Wako wa namna hiyo. Lakini mara nyingi sivyo. Fundi hupokea fedha nyingi kabla ya kazi. Fedha hiyo huichanganya na ya nyumba nyingine. Deni la jana humsonga kuliko kazi ya kesho. Basi huchukua ya huyu kumnyamazisha yule. Akiisha kuanza hivyo hawezi kuacha, maana kila nyumba mpya yamalizia nyumba ya zamani, hata siku moja akose mtu mpya. Hapo mwenye nyumba wa mwisho hubaki na kuta.

Tena, fedha ikiisha kulipwa yote, fundi hana tena sababu ya kurudi. Hata mtu mwema, akiwa na kazi mbili, moja iliyokwisha kulipwa na moja itakayolipwa Jumamosi, miguu yake itakwenda kwenye ile ya Jumamosi. Kwa hiyo twasema: fedha na ifuate kazi, isiitangulie. Hilo ndilo neno kubwa la makala hii, na mengine yote yanalisaidia hilo.

Mfalme Yoashi na nyumba ya Bwana

Labda mtu atasema, "Je, kuhesabiana si kukosa upendo?" Na tusome habari iliyo katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, mlango wa 12. Mfalme Yoashi aliwaagiza makuhani wapokee fedha iletwayo na watu, wapate kutengeneza mahali palipobomoka katika nyumba ya Bwana. Fedha ililetwa, walakini hata mwaka wa 23 wa kutawala kwake mfalme, mabomoko yalikuwa hayajatengenezwa. Nao hawakuwa wanyang'anyi wa njiani, bali makuhani.

Mfalme alifanya nini? Aliubadili utaratibu. Kuhani Yehoyada akatwaa kasha, akatoboa tundu katika kifuniko chake, akaliweka karibu na madhabahu. Fedha ilipokuwa nyingi, walikuja watu wawili, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu, wakaihesabu na kuifunga mifukoni. Kisha wakawapa wasimamizi wa kazi, nao wakawalipa maseremala na waashi na wachonga mawe, wakanunua miti na mawe. Ndipo nyumba ikatengenezwa. Twasoma pia kwamba wasimamizi wale hawakudaiwa hesabu, kwa kuwa walitenda kwa uaminifu. Lakini fedha iliyofika mikononi mwao ilikwisha kuhesabiwa na wawili, na kazi yenyewe ilikuwa mbele ya macho ya watu. Utaratibu mwema hauvunji upendo, waulinda.

Mambo ya kufanya

Kwanza, ulizia kabla ya kupatana. Usiridhike na maneno ya fundi wala na picha alizo nazo katika simu. Nenda ukatazame nyumba mbili alizojenga miaka michache iliyopita, kwa kuwa nyumba mpya haijasema siri zake. Uliza wenyewe: Je, alimaliza? Je, aliongeza bei katikati ya kazi? Paa lavuja? Ufa ulipotokea alirudi? Na ukiona bei yake ni ndogo mno kuliko ya mafundi wengine wote, jiulize atapunguza wapi, maana bei ya saruji na ya chuma ni moja kwa wote.

Kama kazi ni kubwa na mtu ajiita mkandarasi, utake kuona cheti chake. Katika Tanzania iko Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1997. Na katika Kenya iko Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2011. Zote mbili huandikisha makandarasi kwa madaraja, nawe waweza kuuliza kama jina lile limo. Lakini twajua kwamba nyumba zetu nyingi hujengwa na mafundi wa mtaani wasioandikishwa popote. Wako kati yao mafundi hodari na wanyofu. Basi kwao mapatano ya maandishi yahitajiwa zaidi, kwa sababu hapana bodi itakayokusemea.

Pili, andikianeni. Nabii Yeremia, katika mlango wa 32 wa kitabu chake, alinunua shamba huko Anathothi kwa shekeli 17 za fedha. Aliyemwuzia hakuwa mgeni. Alikuwa Hanameli, mwana wa ami yake. Hata hivyo Yeremia aliandika hati, akaita mashahidi, akaipima fedha katika mizani, akampa Baruku hati mbili, moja iliyotiwa muhuri na moja iliyo wazi, ziwekwe katika chombo cha udongo zipate kudumu. Kama nabii wa Mungu aliandikiana na jamaa yake wa damu, yatupasaje sisi kuona haya?

Hati yenu haihitaji maneno makubwa ya kisheria. Iandikwe kwa lugha mnayoielewa wote wawili, nakala mbili, kila mtu ashike yake. Ndani yake yawemo haya: majina ya wawili, mahali pa kiwanja, ramani ya nyumba na vipimo vya kila chumba, vitu vitakavyotumika na ubora wake, ni nani atakayevinunua, bei yote, malipo yatakuwa mafungu mangapi, na kila fungu baada ya kazi gani, siku ya kuanza na siku ya kumaliza, na mambo yatakavyokuwa fundi akichelewa au mwenye nyumba akikawia kulipa. Tena liwemo neno hili: lolote litakaloongezwa au kubadilishwa, liandikwe na bei yake kabla ya kufanywa, wote wawili watie sahihi. Neno hilo moja lingekata lile shauri la sebule. Kisha mashahidi wawili wa kila upande watie sahihi zao.

Tatu, gawa malipo kwa kadiri ya kazi. Fundi ahitaji kitu cha kuanzia. Ana nauli, ana vibarua, ana vyombo vya kukodi. Mpe posho ya juma la kwanza, usimpe nusu ya nyumba. Kisha gawa fedha ya ufundi: fungu moja msingi ukiisha, la pili kuta zikifika juu ya milango na madirisha, la tatu nyumba ikiisha kuezekwa, la nne lipu na sakafu zikiisha. Fungu la mwisho, kama sehemu moja katika kumi, lishikwe mpaka mvua kubwa moja ipite juu ya paa lile, ndipo ukaone panapovuja. Lakini jambo hili liandikwe tangu mwanzo, fundi alijue na kulikubali. Ukilizuia fungu lake bila kupatana, wewe ndiwe mdhalimu. Na kila ulipapo, andika stakabadhi. Fedha ipelekwayo kwa simu huacha alama. Fedha ya mkononi haiachi, isipokuwa kwa karatasi.

Nne, vitu vya kujengea vinunue mwenyewe, au mtume mtu wa nyumba yako aende pamoja na fundi. Vikifika, vihesabu mbele ya aliyevileta. Mfuko wa saruji una kilo 50, uandike. Mifuko mitupu ihesabu kila jioni na kuihifadhi. Kazi hii yaweza kufanywa na mama, au na kijana aliye shuleni. Tena usilete saruji ya miezi mitatu kwa mara moja, maana hunyonya unyevu na kuganda, na mingi kiwanjani ni kishawishi kwa kila apitaye.

Tano, kila kitakachofichwa kitazame kabla hakijafichwa. Hapa ndipo udanganyifu mwingi unapokaa. Nabii Ezekieli, katika mlango wa 13, asema juu ya watu waliojenga ukuta dhaifu na kuupaka chokaa juu. Mvua ikaja na upepo, ukuta ukaanguka, hata misingi yake ikaonekana. Lipu na rangi hufunika mengi.

Basi, siku ya kumwaga zege usikose kuwapo. Msingi uutazame kina chake kabla haujajazwa. Nondo zitazame kabla hazijafunikwa, uzihesabu. Wako wauzaji wanaouza nondo nyembamba kwa jina la nene. Nondo ya milimita 12, yenye urefu wa mita 12, yapasa kuwa na uzito wa kilo 10 na nusu na kidogo zaidi; ya milimita 10, urefu ule ule, kilo 7 na karibu nusu. Ukitia shaka, ipime katika mizani. Kwa bati jueni hili: geji ikiwa na namba kubwa, bati ni jembamba. Bati ya geji 32 ni nyembamba kuliko ya 30, na ya 30 ni nyembamba kuliko ya 28. Mtu akikuuzia kwa bei ya 28 akakupa 32, umepoteza mara mbili.

Kwa zege ya nguzo na ya juu ya milango, kipimo kilichozoewa tangu zamani ni saruji sehemu moja, mchanga sehemu mbili, kokoto sehemu nne, navyo vipimwe kwa ndoo au sanduku. Kukisia kwa koleo hakufai. Maji yasizidi, zege iliyo kama uji ni rahisi kumwaga, lakini ni dhaifu ikikauka. Wanaokaa pwani wasitumie mchanga wa bahari, kwa kuwa chumvi hula chuma ndani kwa ndani. Na zege ikiisha kumwagwa, imwagiwe maji kila siku, kwa uchache siku 7, isikauke upesi. Nguvu yake wajuzi huipima baada ya siku 28. Fundi mwenye haraka ya kwenda kwingine hatapenda kungoja, wala hatapenda kumwagia maji. Lakini haraka haraka haina baraka.

Katika ukuta, mwombe fundi atie timazi na pima maji mbele yako. Fundi mwema hatakasirika. Atafurahi kwamba kazi yake yatazamwa. Akikasirika, nawe umejifunza jambo.

Si fedha tu inayopotea

Mtu asidhani kwamba katika mambo haya hasara ni ya mali peke yake. Tarehe 29 Machi mwaka 2013, nayo ilikuwa Ijumaa Kuu, jengo refu lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka, likaua watu 36. Usiku wa tarehe 29 Aprili mwaka 2016, wakati wa mvua nyingi, nyumba ya ghorofa iliyokuwa na wapangaji ilianguka huko Huruma, Nairobi, karibu na mto, ikaua watu wapatao 50. Wakuu wa serikali walisema kwamba ilijengwa bila kibali. Nyumba zetu ni ndogo kuliko hizo, lakini ukuta wa tofali dhaifu ukimwangukia mtoto hauulizi kama ni wa ghorofa. Kwa ajili hiyo tafuta kibali cha ujenzi kwa halmashauri yako, wala usikione kuwa ni usumbufu. Mkaguzi akija, ni jicho la pili la kukusaidia.

Katika nchi ya Babeli, kama miaka 1750 kabla ya Kristo, mfalme Hamurabi aliweka sheria kwamba nyumba ikianguka kwa ubovu wa kazi na kumwua mwenyewe, mjenzi naye auawe. Na ukuta ukilegea, mjenzi autengeneze kwa gharama yake. Sisi hatuko chini ya sheria kali kama ile. Lakini twaona ya kuwa tangu kale watu walijua kwamba anayejenga nyumba ya mwenziwe ameshika uhai wa mwenziwe mkononi. Nayo Torati, katika Kumbukumbu la Torati mlango wa 22, yamwagiza mwenye nyumba mwenyewe atie ukingo juu ya dari, mtu asije akaanguka. Dhamana ni ya wote wawili.

Neno kwa mwenye nyumba

Tungekosa haki kama tungewasema mafundi tu. Wako wenye nyumba wanaodhulumu pia. Mtu apatana na fundi vyumba vitatu, kisha aagiza cha nne bila kuongeza fedha. Mwingine humwita fundi aje alipwe Jumamosi, na Jumamosi hayupo. Mwingine hutafuta kasoro za kubuni, apate kushika fungu la mwisho. Yeremia, katika mlango wa 22, atoa ole juu yake ajengaye nyumba yake kwa udhalimu na kumtumikisha jirani yake bila ujira. Na Yakobo, mlango wa 5, aonya kwamba ujira uliozuiliwa hupiga kelele mbele za Mungu. Fundi naye ana watoto, na mara nyingi fundi aliyeharibika alianza kuharibika siku aliponyimwa haki yake.

Kabla hujaita fundi, keti kwanza uhesabu gharama, kama Bwana wetu alivyofundisha katika mfano wa mnara. Ukiwa na fedha ya vyumba viwili, jenga viwili uviezeke, ukae ndani yake, vingine vitafuata. Vyumba viwili vyenye paa ni bora kuliko vinne vyenye majani.

Nanyi mafundi mlio Wakristo, msiogope karatasi. Yawalinda ninyi pia dhidi ya mwenye nyumba mgeugeu. Pokeeni fedha kwa mafungu, wala msichanganye ya nyumba moja na ya nyumba nyingine. Mkishindwa, semeni mapema, deni lingali dogo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na fundi ndiye ajuaye hayo kuliko watu wote.

Shauri likiisha kutokea

Ukiona kazi imesimama, usingoje miezi. Acha kutoa fedha nyingine mara moja, hata ukisihiwa. Piga picha za kazi ilipofika. Hesabu vitu vilivyosalia mbele ya mashahidi. Mwandikie fundi barua ya upole, ukimtajia siku ya kurudi kazini, ushike nakala. Asipokuja, mwite mbele ya wazee au wa mtaa au wa kanisa, uende na hati yako na stakabadhi zako na daftari lako. Jambo likikatwa huko, nalo liandikwe.

Lisipokatwa, mahakama iko, wala si dhambi kuiendea kwa moyo usio wa kisasi. Mapatano ya mdomo nayo yaweza kuwa na nguvu katika sheria, lakini kuyathibitisha ni vigumu sana. Ndugu zetu wa Kenya wajue kwamba sheria ya mwaka 2016 iliweka mahakama ya madai madogo, isiyozidi shilingi 1,000,000, nayo yatakiwa kuyamaliza mashauri katika siku 60. Wa Tanzania waweza kuanzia Mahakama ya Mwanzo iliyo karibu nao. Popote waendapo, wataulizwa swali lile lile waliloliuliza wazee wa kanisa: Iko wapi karatasi?

Walimu, twawaomba jambo moja. Mfundishapo hesabu, wapeni watoto hesabu ya nyumba: mifuko mingapi, tofali ngapi, fungu gani lilipwe lini. Na mfundishapo kuandika, wafundisheni kuandika stakabadhi na hati fupi ya mapatano. Mtoto ajuaye hayo atamsaidia baba yake mwaka huu huu, kabla hajamaliza shule.

Tulimtembelea mwalimu yule hivi karibuni. Tulikaa barazani mbele ya vile vyumba viwili, mkewe akatuletea chai. Wameanza kuweka akiba tena, kidogo kidogo, kwa chumba cha tatu. Wamempata fundi mwingine, kijana wa kanisa lile lile. Hati iko tayari, nakala mbili, na mashahidi wametia sahihi. Mwalimu alituonyesha bila kuona haya, na mkewe akaongeza kwamba daftari jipya amekwisha kulinunua.

Bwana na awajalie ninyi nyote mjengao, mwanze kwa kuhesabu na kumaliza kwa amani.